Ganda la risasi la mjomba, na namna ninavyotoa mafuta kwenye brasi

Jumanne asubuhi kaja mzee mmoja wa Msangamkuu, ng'ambo ya hapa Mtwara mjini, kavuka na kivuko cha mapema, mkononi tenki la karabai, ile taa ya mafuta ya taa ya kupiga pampu, kalifunga kwenye mfuko uliokuwa wa salfa ya mikorosho. Nikamwamkia, akaitika, hata hajakaa vizuri kwenye benchi akaanza, fundi hili limeshalehemiwa mara tatu na mafundi watatu na bado linavuja, giza la mwezi ndo linaanza wiki hii vijana wanataka kuingia baharini kuvua na taa mimi sina.

Sikushika chuma cha kulehemia. Nilichovya kidole kwenye kikombe cha maji nikaangusha tone moja pale penye ufa, nikamwambia mzee wangu hebu angalia. Lile tone likasimama. Yani likajikusanya duara likawa linacheza cheza pale juu kama maji kwenye jani la mgimbi. Nikaangusha lingine upande wa chini ambako nilikuwa nishapasugua kidogo, lile likatambaa likalala likawa utando mwembamba hata hulioni mpaka uligeuze kwenye mwanga. Nikamwambia tatizo lako ndo hilo, hao mafundi wote watatu wamelehemu juu ya mafuta.

Naandika hii kwa sababu tangu mwaka umeanza hii ni kazi ya tano au ya sita ya namna hiyo, na inaniuma kuona kitu cha brasi ambacho kingeishi miaka mingine thelathini kinapelekwa kwa wanunuzi wa skrepa kikauzwe kwa kilo, eti hakilehemeki. Kinalehemeka. Ila mafuta yatoke kwanza, na yatoke kwa njia ambayo haimuumizi brasi mwenyewe, hapo ndipo watu wanapokosea.

Hii kazi ya kutoa mafuta sikuijua kwenye karabai. Niliijua kwenye ganda la risasi.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alifanya kazi miaka mingi kambi za uwindaji wa kitalii upande wa Liwale, alikuwa mfuatiliaji nyayo. Sasa kulikuwa na mgeni mmoja kutoka Afrika Kusini alikuwa anarudi karibu kila msimu, na huyo mgeni risasi zake hanunui mpya dukani, kule kwao anaokota maganda yake ya brasi yaliyokwisha kupigwa anayajaza upya mwenyewe. Huku kwetu usijaribu, silaha na risasi zina sheria yake ya 2015 na sio kitu cha kuchezea uani. Ila jioni pale motoni yule mzungu alipenda sana kuelezea, na mjomba alikuwa mtu wa kusikiliza na kukumbuka, akija likizo ananihadithia mimi kwa sababu nilikuwa napenda vyuma tangu mdogo.

Akasema ganda likishapigwa linavimba, linachukua umbo la chemba ya bunduki, pale risasi inapokaa, kwahiyo kabla ya kulijaza inabidi ulisukume kwenye kalibu ya chuma kigumu likarudi kwenye kipimo chake. Kulisukuma kavu haiwezekani, litang'ang'ania humo ndani mpaka ulitoe kwa vita. Kwahiyo wanalipaka kilainishi, wengine nta, wengine mafuta ya sufu ya kondoo, wanapaka kidogo tu, maana ukizidisha mafuta yanakosa pa kwenda humo ndani ya kalibu yanaliminya ganda linapata vibonyeo mabegani. Sasa likishatoka ndo linakuja swali lenyewe, hayo mafuta unayaacha au unayatoa? Yule mgeni alikuwa mkali sana hapo, unayatoa yote. Yakiingia ndani yanaharibu baruti na fataki, kile kiwashio cha kwenye kitako, siku unamlenga nyati risasi inakataa kulia. Yakibaki nje, lile ganda badala ya kuzishika kuta za chemba wakati wa mlipuko linateleza linarudi nyuma na kuikandamiza bolti, kile chuma kinachofunga chemba kwa nyuma, kwa nguvu ambayo haikupangiwa. Na tena mafuta yanashika vumbi, vumbi la porini ni mchanga, na mchanga unakwaruza.

Anayatoaje? Yakiwa machache anafuta moja moja na kitambaa chenye spiriti. Yakiwa mengi anayaosha na maji ya moto na sabuni anasuuza anakausha kabisa, ama anayatia kwenye chombo kinachotikisika pamoja na magunzi ya mahindi yaliyosagwa, yanatikiswa masaa, magunzi yananyonya mafuta na kuyasugua yakatoka yanang'aa kama mapya.

Hapo kwenye magunzi mimi ndo niliposhika. Nikasema magunzi! Sisi magunzi tunachomea ubwabwa.

Mgeni alimwachia mjomba ganda moja tupu, la bunduki ya .375, refu kama milimita 72, mjomba akanipa mimi. Nililiweka miaka juu ya meza ya kazi. Ukilishika unaona kazi ya watu, ukuta mwembamba shingoni halafu unanenepa kadiri unavyoshuka kwenye kitako, na lote limetoka kwenye kipande kimoja cha bati la brasi kilichovutwa na kuvutwa. Shaba sehemu 70 zinki sehemu 30, ndo mchanganyo wake. Tenki la karabai nalo ni mtoto wa familia hiyo hiyo, bati la brasi limekandamizwa likawa bakuli mbili zikaunganishwa. Wazee wanaiita shaba njano, sisi vijana na watu wa skrepa tunasema brasi, ni kitu kile kile. Ndo maana yale ya kwenye ganda yanafaa kwenye karabai, yanafaa kwenye nozeli za pampu za kupulizia mikorosho, na yanafaa kwenye vifaa vya brasi vya majahazi.

Sasa nije kwenye mafuta yenyewe, maana watu wanasema tu "mafuta" kama vile ni kitu kimoja.

Kwenye karabai kuna washa ya ngozi ndani ya pampu. Isipolainishwa inakauka na presha haipandi. Huku kwetu watu wanaipaka mafuta ya nazi kwa sababu ndo yapo nyumbani. Mi sipendi. Mafuta ya nazi mwezi wa saba usiku ukiwa na baridi yanaganda, asubuhi pampu nzito kama imejaa uji, na yakikaa sana yanachacha, na yakichacha yanaila shaba, ndo ile kitu ya kijani inayonata unayoikuta ukifungua pampu ya zamani. Ile kijani watu wanadhani ni ya chumvi ya bahari. Chumvi ina ya kwake, lakini ile laini inayovutika kama nta imetoka kwenye mafuta yako mwenyewe. Paka mafuta ya cherehani, tone mbili tu.

Ila ukishayakuta ya nazi, uzuri wake yanatoka kirahisi. Bibi zetu walisugua masufuria na majivu na walikuwa sahihi kabisa, majivu na magadi yakikutana na mafuta ya nazi kwenye maji ya moto yanayageuza kuwa sabuni, yanajiosha yenyewe. Tatizo linakuja kwenye grisi na oili ya injini. Hiyo imetoka ardhini, haigeuki sabuni hata uisugue na majivu ya kuni za mwezi mzima, unaisambaza tu. Hiyo lazima uiyeyushe kwanza na mafuta mepesi ya ndugu yake, yaani mafuta ya taa, halafu ndo uje na sabuni kuyaondoa hayo mafuta ya taa. Wengi wanaishia kwenye mafuta ya taa. Wanapiga brashi, wanafuta na tambara, wanaona kimetakata, wanaanza kulehemu. Mafuta ya taa yenyewe yanaacha utando! Tone la maji litasimama pale pale.

Na kuna kosa lingine la kung'arisha. Mtu analeta brasi imesuguliwa na ndimu au ukwaju inawaka kama dhahabu anakwambia fundi hii safi kabisa, nikiangusha tone linasimama. Ndimu inatoa ule weusi, haitoi mafuta. Hapo hapo chini ya mng'ao mafuta yapo. Kwahiyo mafuta kwanza, ndimu baadae, na ndimu yenyewe dakika chache usuuze, usiache. Kuna kijana jirani yangu aliloweka bomba la brasi kwenye siki usiku kucha, asubuhi limekuwa la waridi, akafurahi akadhani ni usafi. Siki ilikuwa imeitoa zinki kwenye ngozi ya brasi ikabaki shaba tupu, haina nguvu, rangi ya waridi kwenye brasi ni habari mbaya.

Hapa nieleze na lile la maganda ya korosho kwa sababu lilinipata mimi na sitaki limpate mwingine. Baada ya ile hadithi ya magunzi nilijitengenezea chombo, ndoo ya plastiki ya lita 10 nikaifunga juu ya mota ya feni kuukuu nikaiwekea uzito upande mmoja itetemeke. Ilifanya kazi. Sasa mwezi wa kumi na moja magunzi yalikuwa yameisha, na korosho ndo msimu, maganda kila mahali. Nikasema ganda la korosho gumu, kavu, yule mgeni alisema wengine kwao wanatumia maganda ya jozi (walnut) zao ngumu yaliyosagwa, si ni yale yale. Nikayatwanga nikayatia kwenye ndoo na nozeli kama ishirini za mteja, nikawasha nikaenda kula. Kurudi nimekuta kitu kama lami. Ganda la korosho lina mafuta yake ndani, yale yale ambayo akina mama wanaobangua wanapaka majivu au mafuta mikononi kujikinga nayo, na mimi nilitia mikono mitupu kuzichambua zile nozeli. Vidole vilibabuka ngozi ikatoka, wiki mbili sikushika kazi. Nozeli nazo zilitoka zimepakwa varnishi ya kahawia kwenye kila tundu, nikazikwangua moja moja kwa siku tatu na mteja nikamrudishia pesa yake. Magunzi ya mahindi basi, yaliyokauka jua kali, yaliyotwangwa na kuchekechwa yawe saizi ya chenga za mchele. Yakishakuwa meusi yanamwagwa, usiyaonee huruma, yakijaa mafuta yanaanza kuyarudisha kwenye brasi.

Kwa tenki la karabai ndoo haifai, tenki lenyewe ni kubwa. Lile la mzee wa Msangamkuu nililifanya hivi. Kwanza nikamwaga mafuta ya taa yaliyobaki, nikalijaza maji ya moto na sabuni ya unga nikatikisa nikamwaga, mara tatu, mpaka nikinusa tunduni harufu imekwisha. Hii naifanya hata kama tenki linaonekana kavu, mvuke wa mafuta ukibaki humo ndani na wewe unaleta moto unatengeneza bomu mkononi, na petroli ya kuoshea kwangu haiingii mlangoni. Halafu nje. Kile kilehemu cha zamani nikakikwangua chote, tabaka tatu, na chini ya kila tabaka kulikuwa na utando mweusi, ndo mafuta yaliyoungua kila fundi alipoweka moto. Risasi ya kulehemia, ile ya kawaida ya 60 kwa 40, inaanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183 tu, inataka iguse brasi yenyewe iingie, ikikutana na mafuta inajikunja inakuwa vijidonge vinabingirika. Ukiona vijidonge, acha, usiongeze moto.

Nikapaka mafuta ya taa na mswaki wa zamani kwenye mshono wote, nikasubiri kidogo, nikafuta. Nikaosha na sabuni ya maji na maji ya moto yale ya kuunguza kidogo, nikisugua na mswaki mwingine. Mswaki mwingine kabisa, ule wa kwanza umeshajaa mafuta. Nikasuuza na maji ya mvua ambayo nakinga kwenye ndoo tangu masika, maji ya visima vingi vya huku pwani yana chumvi, yanakauka yanaacha madoa na doa la chumvi kwenye brasi ni mwanzo wa shimo. Nikaweka kwenye jua saa nzima mdomo chini. Nikafuta mshono na kitambaa cheupe chenye spiriti, kitambaa kikatoka na njano kidogo, nikachukua kipande kingine kisafi, kikatoka cheupe. Kuanzia hapo sikuligusa tena na kidole, maana kidole chenyewe kina mafuta, ukigusa umerudi nyuma.

Nikamwita mzee nikaangusha tone. Likalala. Akaniambia rudia, nikarudia, likalala. Akacheka akasema kumbe ni hivi tu.

Sio hivi tu lakini, nikamwambia, kuna moja bado. Nikamuuliza karabai hii mkitoka baharini mnaiweka wapi? Akasema stoo, nyuma ya banda la kuku. Nikashtuka kweli.

Lile ganda la mjomba, mwaka nilipohamisha kibanda nilitia vitu vyangu kwenye boksi nikaliweka nyumbani kwa mama, kwenye kachumba kanachopakana na banda la kuku. Mvua zikapiga kuanzia mwezi wa kwanza mpaka wa nne. Nilipofungua boksi ganda lilikuwa limepasuka shingoni, ufa wa wima umenyooka kama umechorwa na wembe, na halikuangushwa wala kugongwa. Na tenki moja la karabai lilikuwa na ufa wa hivyo hivyo pale lilipopindwa. Nilidhani mtu kalikanyaga. Mwalimu wangu wa chuo cha ufundi ndo aliyenifungua macho, akasema hii ni hadithi ya zamani sana, jeshi la Waingereza huko India walikuwa wakiweka risasi kwenye mazizi ya farasi wakati wa mvua za masika, mvua zikiisha maganda ya brasi yamepasuka yenyewe. Ilikuja kuelezwa vizuri mwaka 1921. Mkojo wa farasi unatoa amonia, amonia na unyevunyevu vikiipata brasi ambayo ilivutwa na kupindwa baridi na bado ina ule mkazo ndani yake, inapasuka bila kuguswa. Dawa yake ilikuwa kuyapasha maganda moto wa kadiri baada ya kuyavuta, mkazo ulegee. Kinyesi cha kuku kinatoa amonia ile ile. Ndo ile harufu inayochoma pua ukiingia bandani asubuhi.

Kwahiyo hata kwenye kutoa mafuta, ukiona dawa ya kuoshea vioo au sakafu ambayo harufu yake inachoma pua namna ile, isiguse brasi. Inatoa mafuta vizuri sana, hilo sikatai, inang'arisha mpaka unashangaa. Ufa utakuja kuuona baadae na hutakumbuka ulioshea nini.

Mzee alinyamaza kidogo halafu akauliza, na huu ufa wa hapa je? Nikaugeuza kwenye mwanga tukauangalia wote. Ulikuwa pale pale bakuli mbili zinapokutana, wima, umenyooka. Nikamwambia siwezi kuapa lakini umbo lake nalijua. Akasema ee basi kuku watahama wao au itahama taa.

Nililehemu mchana ule ule. Risasi ya kulehemia ilikimbia kwenye ufa yenyewe kama maji yanavyoingia mchangani, ukishaona inakimbia hivyo mkono unatulia. Nikaacha ipoe bila kupuliza. Nikaweka washa mpya ya ngozi na mafuta ya cherehani, nikafunga, nikapiga pampu mpaka mshale ukafika alama nyekundu nikalizamisha lote kwenye beseni la maji tukakaa tunaangalia. Povu moja likatoka kwenye kokwa ya pampu, nikakaza. Baada ya hapo hakuna kitu. Dakika kumi, ishirini, hakuna.

Siku hizi boti nyingi zimehamia taa za betri na siwalaumu, mafuta ya taa ni ghali. Ila huyu mzee anasema dagaa wanaijua karabai yake na yeye anaijua, na kama anayo nzima kwa nini aitupe. Akaifunga kwenye ule mfuko wake wa salfa, nikamzuia nikampa mfuko mwingine, salfa nayo inaitia brasi weusi. Akaondoka kuwahi kivuko.

Lile ganda lililopasuka bado ninalo, lipo msumarini juu ya meza. Anayetaka kuuona huo ufa unavyofanana aje tu, tupo karibu na soko la samaki pale Feri, saa mbili asubuhi tunakuwa tumeshafungua.